Tezi ya Shingo Inapolegea: Tiba ya Asili ni Ipi?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyekipa kila kiungo cha mwili kazi yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu, nasoma udaktari, mwaka wa tano, na kwa sababu hiyo wengi wenu hunisimamisha baada ya darsa kuniuliza mambo ya afya. Mwaka huu swali moja limenijia mara nyingi kuliko mengine, tena karibu kila mara kutoka kwa dada zetu: "Nimepimwa nikaambiwa tezi yangu ya shingo imelegea, na vidonge nitavimeza maisha yote. Je, hakuna tiba ya asili itakayonitoa kwenye vidonge?"

Swali hili ni la haki. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba tiba ya asili ipo, na imewaponya watu wengi sana, hata hapa jirani na sisi. Lakini kila tiba ina chanzo cha ugonjwa inachokijibu. Mtu asiyejua chanzo cha ugonjwa wake anaweza kutumia kitu kizuri kikamdhuru.

Tezi hii inafanya nini?

Gusa shingo yako kwa mbele, chini kidogo ya koromeo. Hapo pamelala tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iitwayo tezi ya thairoidi. Kazi yake ni kuchukua madini ya iodini kutoka kwenye damu na kuyatengenezea homoni. Ndugu zetu wa Tanzania huyaita madini haya madini joto, na jina hilo linafaa, kwa sababu homoni hizo ndizo zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani: moyo upige vipi, tumbo lisage vipi, mwili upate joto kiasi gani, na ubongo wa mtoto tumboni ukue vipi.

Homoni kuu huitwa T4, kwa kuwa kila chembe yake imebeba iodini nne. Mwili huing'oa moja ikawa T3, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Juu ya yote, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hufanya kazi ya msimamizi. Ikiona homoni zimepungua, hutuma amri iitwayo TSH kuihimiza tezi ya shingo. Ndiyo maana tezi ikilegea, kipimo cha TSH hupanda. Dada mmoja aliniambia, "Namba yangu iko juu, basi tezi yangu inafanya kazi sana." Ni kinyume chake: msimamizi anapaza sauti kwa sababu mfanyakazi hasikii.

Dalili, na hukumu za haraka

Tezi ikilegea, mtu huchoka hata akilala saa tisa. Huhisi baridi wakati wenzake wamevua makoti. Uzito huongezeka kidogo bila kula zaidi, ngozi hukauka, nywele hukatika, choo hufunga, uso huvimba asubuhi, sauti hukwaruza, na mapigo ya moyo hupungua. Akili huwa nzito, kusoma kurasa tatu kunakuwa mzigo, na moyo huingiwa na huzuni isiyo na sababu. Kwa wanawake, hedhi inaweza kuwa nzito au kurefuka.

Sasa fikiri mambo haya yanavyoonekana kwenye hosteli. Binti anashindwa kuamka Alfajiri, halaka za jioni anasinzia, na alama zake zinashuka. Wenzake watasema imani imepungua. Wengine watasema ana husda au amepandwa na jini. Simkatazi mtu kusomewa ruqya, kwani Qur'ani ni ponyo na dua ni silaha ya muumini. Ninachosema ni kwamba ruqya haizuii kupima damu, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tutafute tiba. Kumhukumu dada yako kuwa ni mvivu wa ibada, kumbe damu yake imepungukiwa homoni, ni dhulma, hata kama hukuikusudia.

Na dada ambaye hedhi yake imezidi siku za kawaida ana maswali mawili, wala moja halitoshi. La swala na tohara alipeleke kwa ustadha mwenye elimu ya fiqhi. La kwa nini damu haikomi alipeleke kwa daktari.

Hata hivyo, usijipachike ugonjwa kwa kusoma orodha hii. Uchovu una sababu nyingi: upungufu wa damu, kukosa usingizi wakati wa mitihani, sonona, hata njaa ya mwisho wa mwezi ambayo sote tunaijua. Dalili zinakupeleka kwenye kipimo, na kipimo ndicho kinachotoa jibu.

Funzo la kisiwa cha Idjwi

Ukisimama ufukweni Nyamasheke ukatazama ng'ambo ya ziwa Kivu, utaona milima ya kisiwa cha Idjwi, upande wa Kongo. Miaka ya 1960 watafiti kama F. Delange na A. M. Ermans walikwenda kisiwani humo kuchunguza rovu, yaani uvimbe wa shingo ambao kwa Kinyarwanda tunauita umwingo. Waliwakuta watu wengi wenye rovu, na pia watoto waliodumaa mwili na akili kwa sababu tezi zao zilishindwa kazi tangu utotoni.

Chanzo cha kwanza kilikuwa ardhi. Mvua za miaka maelfu huosha iodini milimani na kuipeleka baharini, kwa hiyo mazao ya nchi za milima mirefu huwa na iodini kidogo. Ndivyo ilivyo kwenye maziwa makuu yetu, na ndivyo ilivyokuwa Uswisi, ambako chumvi ilianza kutiwa iodini mwaka 1922 kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini Idjwi kulikuwa na fumbo. Watu wa kaskazini na wa kusini-magharibi ya kisiwa walikosa iodini kwa kiwango kinachokaribiana, ila rovu lilijaa kaskazini na kusini-magharibi lilikuwa chache. Tofauti ilionekana kwenye mihogo. Muhogo usioandaliwa vizuri hutoa sayanidi, na mwili unapoipunguza makali huigeuza kuwa thayosayaneti. Kitu hicho hugombania mlango na iodini kwenye tezi. Pale ambapo iodini ni chache na mihogo ni mingi, iodini hushindwa kuingia.

Tiba yao ilikuwa iodini. Watu walidungwa sindano ya mafuta yenye iodini, na sindano moja ilitosha kwa miaka kadhaa. Baadaye ikaja njia rahisi zaidi, ambayo leo iko jikoni kwako: chumvi yenye iodini. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mjamzito 250. Ni kiasi kidogo mno, lakini kukikosa ndiyo sababu kubwa duniani ya madhara ya ubongo kwa watoto ambayo yangeweza kuzuilika.

Kwa hiyo ukitaka tiba ya asili ya kwanza, ni chumvi ya kawaida ya dukani iliyoandikwa kuwa ina iodini. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke, na uitie chakula kinapokaribia kuiva, maana iodini hupotea kwa joto na unyevu. Usizidishe chumvi ili upate iodini: chini ya gramu tano kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, inatosha. Ile chumvi ya pinki ya Himalaya inayouzwa bei ghali kwa jina la asili, kwa kawaida haina iodini ya kutosha.

Na isombe? Kula, bismillahi. Kutwanga majani na kuyachemsha muda mrefu huondoa sehemu kubwa ya sayanidi, na kuloweka na kukausha mihogo hufanya hivyo pia. Kabichi iliyopikwa nayo haina neno kwa anayepata iodini. Mwenye tezi iliyolegea hana haja ya kuogopa sahani ya mama yake.

Asili inapodhuru

Mambo mawili zaidi kutoka Kongo yanafaa tuyajue, kwa sababu yanajibu wale wanaosema, "Ni ya asili, haiwezi kunidhuru."

La kwanza ni seleni, madini ambayo tezi huyahitaji na ambayo leo huuzwa kwenye vidonge vya virutubisho kama tiba ya thairoidi. Karawa, kaskazini mwa Kongo, watu walikosa iodini na seleni kwa pamoja. Watafiti waliwapa seleni peke yake kwa miezi miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1991. Waliokuwa na tezi dhaifu, homoni yao ya T4 ilishuka zaidi. Seleni iliharakisha matumizi ya homoni kidogo iliyokuwepo, na iodini ya kutengeneza nyingine haikuwepo. Madini ni mazuri, ila yalikuja bila mwenzake.

La pili ni iodini yenyewe. Miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipoingia Kivu, baadhi ya watu waliokuwa na rovu la miaka mingi waliugua ugonjwa wa upande wa pili: tezi iliamka ikazalisha homoni kupita kiasi, moyo ukaenda mbio, mwili ukakonda. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1996. Chumvi haikuachwa kwa sababu hiyo, kwani manufaa yake ni makubwa kuliko madhara, lakini tulijifunza kwamba kipimo ni sehemu ya dawa.

Ndiyo maana nina wasiwasi na unga wa mwani unaouzwa kama dawa ya tezi. Mwani una iodini, lakini kiasi chake hutofautiana sana kutoka aina moja hadi nyingine. Kijiko chako cha leo kinaweza kuwa na kidogo, na cha kesho kikawa na mara nyingi ya unachohitaji. Na iodini ikizidi, inaweza kuilegeza zaidi tezi iliyokwisha kuwa na ugonjwa.

Mwili unapoishambulia tezi yake

Sasa tuje kwa dada zetu wa chuo. Wao wamekula chumvi yenye iodini tangu utoto. Kwa nini tezi zao zilegee?

Mahali ambapo iodini inatosha, chanzo kikubwa ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Askari wa kinga ya mwili wanakosea, wanaiona tezi kuwa adui na kuishambulia polepole. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi hutembea katika familia. Wengine tezi zao hulegea baada ya upasuaji wa shingo, baada ya kujifungua, au kwa sababu ya dawa fulani.

Hapa chumvi imekwisha kufanya kazi yake. Ukosefu wa iodini ni kama kiwanda kilichokosa malighafi, na ukiileta kinaamka. Hashimoto ni kama kiwanda ambacho mashine zake zimevunjwa, na malighafi hata ikijaa ghalani haiwi bidhaa. Kinachobaki ni kuleta bidhaa yenyewe, yaani homoni.

Na hicho ndicho kidonge cha levothairoksini kilivyo. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mgonjwa kwa kumdunga maji ya tezi ya kondoo. Mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani aliitenga homoni yenyewe, na mwaka 1927 wanasayansi wa Uingereza, Harington na Barger, wakatangaza kuwa wameiunda maabara. Kilichomo ndani ya kidonge ni T4 ile ile ambayo tezi yako ingetengeneza. Mwili haujui tofauti. Kwa hiyo anayeniuliza tiba ya asili ya tezi iliyovunjika, namwambia ni hii.

Kuna jambo Mwislamu asilipite bila kulijua. Dawa nyingi zinazouzwa mtandaoni kwa jina la "thairoidi ya asili" ni unga wa tezi za nguruwe zilizokaushwa. Yule anayekikimbia kidonge cha maabara ili apate cha asili, anaweza kujikuta ameingia huko. Soma lebo kabla ya kununua.

Na habasoda?

Hadithi ya habasoda ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na sitaki mtu afikiri naidharau. Lakini wanazuoni walijadili maana yake zamani. Al-Khattabi alieleza kwamba tamko hilo ni la jumla lakini limekusudia maradhi mahususi, na Ibn Hajar ameyataja maelezo hayo katika Fath al-Bari. Wapo pia walioichukua kwa ujumla wake. Ama kuacha tiba iliyothibiti ili kutumia habasoda peke yake, hilo hadithi haikuliagiza.

Upande wa utafiti, mwaka 2016 watafiti wa Tabriz, Iran, walichapisha matokeo ya wagonjwa 40 wa Hashimoto. Waliopewa unga wa habasoda kwa wiki 8 walipata nafuu katika vipimo kadhaa, ikiwemo TSH kushuka. Ni habari njema, lakini watu 40 na wiki 8 haitoshi kumwambia mtu atupe vidonge. Ukipenda habasoda kwenye asali yako, itumie kama chakula, mwambie daktari wako, na uendelee na dawa.

Dada mmoja hapa chuoni aliacha vidonge kwa miezi miwili akatumia habasoda na unga wa mwani. Ameniruhusu kueleza bila kumtaja. Wiki za mwanzo alijisikia vizuri, na hilo halishangazi: nusu ya T4 iliyomo mwilini hubaki baada ya takriban siku 7, kwa hiyo akiba huisha polepole na mtu hudhani amepona. Mwezi wa pili uso ulivimba, akakosa majaribio mawili ya darasani, na TSH yake ilipopimwa ilikuwa imepanda kupita ya siku ya kwanza. Amerudi kwenye dawa na anaendelea vizuri, alhamdulillah. Lakini mwaka ule hana tena.

Kidonge, chai na Ramadhani

Levothairoksini humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Chai ya maziwa na kahawa huizuia kuingia mwilini. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia viachane nayo kwa saa nne.

Ramadhani isikutishe, kwa kuwa dawa hii humezwa mara moja tu kwa siku na hudumu mwilini. Kumeza mchana kunafungua swaumu, lakini usiku una nafasi mbili: wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho, au kuamka mapema, kumeza, kisha kusubiri nusu saa ndipo ule daku. Chagua moja uishike mwezi mzima. Wengi wenye tezi iliyolegea na dawa iliyotulia hufunga bila shida. Panga na daktari wako katika Shaabani, usingoje mwezi uandame. Na kutoa damu kidogo ya kipimo, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa sasa, hakufunguzi.

Kwa dada anayetarajia ndoa na watoto: mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi mitatu ya mwanzo. Pima kabla ya kushika mimba, na ukijua una mimba mwone daktari mara moja, kwa sababu mara nyingi dozi huongezwa. Usiache dawa kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni kuikosa.

Ufanye nini sasa?

Kwanza, ukiwa na dalili nilizozitaja kwa wiki kadhaa, au ukiwa na uvimbe shingoni, nenda ukapimwe. Mwenye mituweli aanze kituo cha afya, naye ataandikiwa rufaa kwenda hospitali yenye kipimo cha TSH. Kama unameza vitamini za nywele na kucha zenye bayotini, ziache siku mbili au tatu kabla, maana huvuruga majibu.

Pili, uliza chanzo. Mwambie daktari: tezi yangu imelegea kwa sababu gani? TSH ikiwa imepanda kidogo na T4 iko sawa, mara nyingi hurudiwa kupimwa baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuamua dawa. Si kila mwenye namba ya juu anahitaji kidonge cha maisha.

Tatu, ukipewa dawa, rudi kupima baada ya wiki 6 hadi 8, kisha ufuate ratiba. Usijiongezee wala kujipunguzia. Ukitaka kuacha, mwambie daktari kwanza.

Nne, yale ya asili yasiyo na shaka yatunze: chumvi yenye iodini, mboga, maharage, samaki na mayai, usingizi wa kutosha, na kutembea kila siku. Vilima vya Kigali ni mazoezi ya bure. Haya hayajengi upya tezi iliyovunjika, lakini yanaupa mwili nguvu na moyo utulivu.

Tano, kwa sisi tusioumwa: dada yako akisema amechoka, muulize kama amepima kabla ya kumuuliza kuhusu imani yake. Mpe daftari lako la mhadhara aliokosa, na umsindikize hospitali ikibidi.

Mwili ni amana. Kumeza kidonge kwa wakati wake ni kuchukua sababu, na kumtegemea Allah kunabaki pale pale. Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, aliye hosteli na aliye nyumbani, na atupe elimu yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.